Chanjo ya kipindupindu imekuja. Maji je?

Novemba 2025 kampuni ya Biovac ya Afrika Kusini ilianza kuwajaribia watu chanjo ya kipindupindu iliyotengenezwa nchini humo. Miezi mitatu kabla, mwezi Agosti, Africa CDC, taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, na Shirika la Afya Duniani zilizindua mpango wa bara zima wa kupambana na ugonjwa huo, wenye malengo ya hadi 2030. Nilizipokea habari hizo kwa furaha, kwani miaka hii michache Afrika imezika watu wengi mno kwa ugonjwa ambao hakuna anayestahili kufa nao. Malawi ilipoteza zaidi ya watu 1,700 katika mlipuko wa 2022 na 2023. Zambia ilipoteza zaidi ya 700 katika msimu uliofuata, na uwanja wa mpira wa Heroes mjini Lusaka ukageuzwa kuwa hospitali. Lakini tangu hapo nimekuwa nikisikia redioni, kwenye daladala na kwenye makundi ya simu kauli moja inayonitia wasiwasi: kwamba sasa kipindupindu basi, dawa yake imepatikana, tena inatengenezwa hapa hapa Afrika.

Hayo si mafunzo ya historia ya ugonjwa huu. Hakuna mji hata mmoja duniani uliowahi kukiondoa kipindupindu kwa chanjo. Miji iliyokiondoa iliingia gharama ya kuwaletea watu wake maji safi kwa bomba na kuyatenga majitaka, tena nyingi zilifanya hivyo kabla chanjo ya kunywa haijajulikana. Chanjo inatununulia muda. Swali ambalo bajeti zetu zinalikwepa ni kwamba muda huo tukishaununua tutaufanyia nini.

Nisieleweke vibaya. Sijiungi na wanaozisema vibaya chanjo, na chanjo ya kunywa ya kipindupindu ushahidi wake uko hapa hapa nyumbani. Mwanzoni mwa 2009 ilitolewa katika shehia sita za Unguja na Pemba, zilizochaguliwa kwa sababu ndizo zilizokuwa zikiumia kila mlipuko ukija. Watu wapatao 24,000 walikunywa dozi zote mbili. Watafiti walipofuatilia walikuta kinga ya asilimia 79 kwa waliochanjwa, na hata majirani zao ambao hawakuchanjwa walipata nafuu, maana vijidudu vilipungukiwa na miili ya kupitia. Ni mafanikio ya kujivunia. Ila miaka sita tu baadaye, mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulipovuka bahari, Zanzibar ilipata wagonjwa zaidi ya 4,000. Chanjo ya 2009 haikuwa na kosa. Ilifanya kazi yake katika eneo dogo, kwa muda wake, kisha muda ukaisha. Waliokuwa watoto wachanga siku hizo hawakuwa na kinga yoyote, na visima walivyotekea mama zao vilikuwa vile vile.

Tena chanjo yenyewe si ya kutegemea kwamba itakuwepo kila inapohitajika. Oktoba 2022 akiba ya dunia ilipungua kiasi kwamba wasimamizi wake waliamua kutoa dozi moja badala ya mbili ili angalau igawike. Dozi moja hulinda kwa muda mfupi zaidi, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano kinga yake ni dhaifu. Ndiyo maana kiwanda cha Afrika ni jambo la heri. Lakini hata kiwanda kikifurika dozi, tutakuwa tunamchanja mtu yule yule kila baada ya miaka michache ili aendelee kunywa maji yale yale.

Turudi nyuma kidogo, Zanzibar ya 1869. Mwishoni mwa mwaka ule kipindupindu, au waba kama wazee walivyozoea kusema, kilishuka kutoka bara kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha kikavuka na kuingia mjini. Mji uliwazika watu wake kwa miezi kadhaa. Alikuwepo hapo daktari Mskoti, James Christie, aliyeishi na kutibu Zanzibar, na mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu ya Afrika Mashariki. Christie aliwauliza manahodha, wafanyabiashara wa misafara na mahujaji, akaunganisha njia ambazo ugonjwa ulipita tangu milipuko ya miaka ya 1820, ya 1830 na ya 1850. Aliona jinsi ulivyofuata pepo za majahazi na njia za pembe za ndovu, hadi ukafika Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Aliona pia kwamba jamii zilizokaa mji mmoja hazikufa kwa kiwango kimoja. Hapo daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa bado hajakitambua kijidudu chenyewe. Hilo lilikuja 1883 na 1884. Lakini mtu makini mwenye daftari na subira alikwisha kuona mengi.

Oktoba 1870, mlipuko ule ukiwa ndiyo kwanza umetulia, Barghash bin Said alikalia kiti cha usultani. Katika utawala wake alijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi za Bububu hadi mjini, na watu wakayateka bila malipo. Sitaki kumpamba kupita kiasi. Utajiri wa dola ile ulitoka kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa, na soko la watumwa mjini lilifungwa 1873 kwa kushurutishwa. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba dola ndogo ya mwambao, karibu miaka mia moja na hamsini iliyopita, iliweza kuvuta maji kutoka chemchemi hadi mjini. Kila ninapoambiwa kwamba bomba ni jambo la nchi tajiri, nakumbuka Bububu.

Mfano ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, umetoka Ujerumani. Mwaka 1892 mji wa bandari wa Hamburg ulipigwa na kipindupindu kilichoua watu zaidi ya 8,000 katika wiki chache. Ukuta kwa ukuta na Hamburg ulikuwepo mji wa Altona. Wakazi wa miji hiyo miwili walizungumza lugha moja, walifanya kazi bandari moja, walinunua samaki soko moja, na mtaa mwingine upande mmoja ulikuwa Hamburg na upande wa pili Altona. Wote walitumia maji ya mto Elbe. Tena Altona iliyachota chini ya Hamburg, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake mtoni. Kwa hesabu ya kawaida Altona ndiyo ilipaswa kuteketea. Haikuteketea. Altona ilikuwa inayachuja maji yake kwenye matabaka ya mchanga kabla ya kuyapeleka majumbani, na Hamburg ilikuwa inayapeleka kama yalivyotoka mtoni. Koch, aliyetumwa kuchunguza, alikuta hata nyumba za upande wa Hamburg zilizounganishwa na bomba la Altona, na humo ugonjwa haukuingia. Watu wa mji mmoja, wenye desturi zile zile za jikoni, waliachana kwenye bomba tu. Mwaka uliofuata Hamburg ilikamilisha mtambo wake wa kuchuja, na mlipuko wa namna ile haukurudi tena.

Nimeusimulia mfano huu kwa urefu kwa sababu unajibu hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote katika mjadala wetu, nayo ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba kipindupindu ni uchafu wa wananchi. Kila masika, mlipuko ukianza, kiongozi fulani husimama na kulaumu tabia. Wananchi hawanawi mikono, hawachemshi maji, wanakula ovyo barabarani. Kisha hufuata amri, na kwanza wanaofukuzwa ni mama lishe, wauza juisi, wauza matunda ya kukatwa. Masufuria hubebwa kwenye gari la mgambo. Hakuna anayeuliza yule mama aliyapata wapi maji ya kuoshea sahani.

Njoo tuyatazame maji hayo kwa karibu. Nimekaa miaka mingi katika nyumba ya kupanga, mtaa wenye mgao, na utaratibu wake naujua kwa masikio. Maji hutoka usiku, saa saba au saa nane, siku zake. Kabla hayajatoka, bomba hukoroma. Linapumua hewa, linatema, linanyamaza, linakoroma tena. Wanawake wa uani wanaamka kwa sauti hiyo. Ndoo ya kwanza hutoka na rangi ya chai, hiyo ni ya choo. Ya pili huwekwa pembeni kwa kufulia. Kuanzia ya tatu ndipo hujazwa madumu ya kunywa na kupikia. Hakuna afisa aliyewafundisha kuzipanga ndoo hivyo. Wanajua kwa uzoefu kwamba maji ya mwanzo si salama, na wanafanya wawezalo.

Lile koromo nalo lina maana yake. Bomba lililojaa maji muda wote husukuma kutoka ndani kwenda nje. Likiwa na ufa, maji safi huvujia ardhini, na hiyo ni hasara ya mamlaka ya maji. Bomba lililokatiwa maji hubaki tupu, na maji yanapoondoka huacha mvuto ndani. Kilichopo nje, kwenye udongo, sasa huvutwa kuingia kupitia ufa ule ule. Na nje kuna nini? Miji yetu mingi imeunganisha sehemu ndogo tu ya nyumba na mtandao wa majitaka. Nyumba nyingi zinatumia vyoo vya shimo, na shimo likijaa, gari la kunyonya lina bei, tena uchochoro mwingine haupitiki na gari. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha baadhi ya watu hutapisha vyoo: hufungulia shimo ili mvua ibebe. Kila aliyekaa uswahilini anaijua harufu ya usiku ule. Maji hayo hushuka mtaroni, mtaro hupita juu ya bomba, na bomba, kwa sababu ya mgao, liko tupu.

Hili si dhana yangu tu. Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko, watafiti walilinganisha rekodi mbili ambazo kwa kawaida hukaa ofisi tofauti: siku ambazo mtambo wa maji ulifanya kazi au haukufanya, na idadi ya wagonjwa waliopokelewa kituo cha kipindupindu kuanzia 2009 hadi 2014. Siku maji yalipokatika kabisa, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka zaidi ya maradufu kulinganisha na siku maji yalipotoka vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo walihusishwa na maji yasiyotosha bombani. Tabia za watu wa Uvira hazikubadilika Jumatatu hadi Alhamisi. Kilichobadilika ni pampu, na mara nyingi pampu ilisimama kwa sababu umeme umekatika. Ukifuata mnyororo huo unakuta kwamba kukatika kwa umeme siku fulani ni kitanda kinachojaa wodini wiki iliyofuata, na hakuna tangazo la afya linalosema hivyo.

Ni kweli kwamba tabia zina nafasi yake. Kunawa kwa sabuni, kuchemsha maji, kutia dawa ya klorini kwenye ndoo, kufunika chakula, haya yote huokoa, na kwa familia ambayo haina bomba leo ndiyo silaha pekee iliyonayo. Nisingependa mtu asome makala hii akaacha kuchemsha maji. Lakini hesabu kwa uaminifu mzigo tunaomtwisha yule mama. Familia ya watu sita hunywa lita kumi au zaidi kwa siku ya jua. Kuzichemsha, kuzipoza, kuzichuja, kuzihifadhi, kila siku ya mwaka, kwa mkaa unaonunuliwa kwa kopo, ni kazi ya pili juu ya kazi. Akiiacha siku moja kwa sababu mkaa umeisha au mtoto ana homa, ni siku hiyo hiyo ambayo kijidudu kinahitaji. Altona hakuna mama aliyebebeshwa kazi hiyo. Mchujo ulifanyika mara moja, mahali pamoja, kwa ajili ya wote, hata kwa mvivu na msahaulifu.

Tena lawama ina madhara yake mengine, mabaya zaidi. Mtu akiambiwa kwamba ugonjwa huu ni wa wachafu, ataficha. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili; mtu mzima mwenye nguvu asubuhi anaweza kuwa maiti jioni. Lakini kinatibika kwa urahisi wa kushangaza. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh kule Bongaon, India, dripu zilipoisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji yaliyochanganywa sukari na chumvi, yakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Leo kituo kinachofanya kazi vizuri hakitakiwi kupoteza hata mgonjwa mmoja kati ya mia. Kwa hiyo wengi wa wanaokufa ni waliochelewa kufika au ambao hawakufika kabisa. Mtu akianza kuhara maji kama ya mchele usiku, halafu akaogopa jirani asimwone akipelekwa kambini, saa anazozipoteza ndizo zinazomuua. Aibu ile imepandwa na hotuba.

Na serikali nazo zinaficha, kwa aibu ya namna yake. Hamburg ya 1892 ilitawaliwa na wafanyabiashara, na walisita kutangaza mlipuko kwa kuhofia meli na bandari yao. Siku zile za kusita ndizo ugonjwa ulizotumia kuenea. Katika zama zetu Ethiopia na Sudan zimewahi kwa miaka kuita milipuko yao kuhara kukali na kulikwepa jina. Ninazielewa hofu zao. Peru ilipopigwa 1991 wanunuzi wa nje waliyakimbia mazao yake, na nchi inayoishi kwa watalii haipendi neno hili lionekane gazetini. Hata hivyo nchi isiyolitaja jina haiwezi kuomba chanjo ya dharura kwa jina hilo, wala muuguzi wa zahanati ya pembezoni hajui aweke chumvi na dripu kiasi gani ghalani.

Sasa zipo hoja nzito dhidi ya ninachokisema, na nzito kuliko zote ni ya wakati. Bomba huchukua miaka. Mlipuko huua kwa siku. Mwananchi wa Goma, mashariki mwa Kongo, hawezi kungoja mtandao wa majitaka. Goma inaijua gharama ya kungoja kuliko mji wowote: Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika huko kwa mamia ya maelfu, wakanywa maji ya Ziwa Kivu, na katika mwezi wa kwanza tu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipouingia mji na umeme na maji kukatika, watu walirudi na madumu kwenye ziwa lile lile. Katika hali kama hiyo, anayesema tungoje bomba ni mkatili. Hapo ni klorini kwenye malori, ni vituo vya maji ya chumvi na sukari kila mtaa, ni chanjo haraka iwezekanavyo. Nakubali kila neno.

Ila hoja ya wakati imetumiwa vibaya. Dharura ya Goma ni ya wiki. Sisi tumeifanya dharura kuwa mtindo wa maisha. Wimbi la saba la kipindupindu lilianza Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, likaingia Afrika 1970, na Tanzania ikapata wagonjwa wake wa kwanza wa wimbi hilo 1974. Mwaka 1997 nchi ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000. Mlipuko wa 2015 ulipita wagonjwa 20,000. Hii ni zaidi ya miaka 50. Hamburg ilihitaji mwaka mmoja kumaliza mtambo uliokuwa umecheleweshwa, London ilihitaji takriban miaka kumi na mitano kujenga mifereji yake mikuu ya majitaka baada ya uvundo wa mto Thames wa 1858. Hata mlipuko wa mwisho wa London, wa 1866, uliangukia mashariki mwa mji, sehemu ambayo mfereji mpya ulikuwa haujakamilika. Kama tungeanza 1974 kwa mwendo wa kinyonga tungekuwa tumekwisha kufika. Kila mlipuko tumesema sasa hakuna muda, na kila ulipokwisha tumesema sasa hakuna haja.

Hoja ya pili ni fedha. Bomba na mitambo ya majitaka ni ghali, na kwa muda mrefu tumezoea mfadhili alipe. Mwaka 2025 tulipata somo lake, Marekani iliposimamisha misaada yake na miradi ya maji katika nchi kadhaa, Kongo na Kenya zikiwemo, ikabaki mitaro ambayo haikukamilika na vioski visivyo na maji. Naliona hilo kama dhuluma kwa waliokuwa wakingoja maji yale. Lakini naliona pia kama jibu kwa wanaodhani chanjo ni nafuu kuliko bomba. Nyingi ya dozi tulizotumia zilitoka akiba ya dunia, kwa fedha za wafadhili wale wale. Ukiondoa mfadhili, nchi itabaki na vyote viwili vya kulipa, na chanjo italipiwa tena na tena. Bomba, likitunzwa, wajukuu watalikuta.

Hivyo basi, nini kifuate? Zanzibar imejiwekea lengo la kukomesha maambukizi ya ndani ya kipindupindu ifikapo 2027, na mpango wake, kwa sifa yake, umeweka maji, vyoo na chanjo kwenye jedwali moja. Huo ndio mkao sahihi. Chanjo ipelekwe kwenye shehia ambazo mchoro wa bomba jipya umeshaidhinishwa na fedha zake zipo, ili miaka mitatu hivi ya kinga ya dozi mbili iwe ndiyo miaka mitatu ya kuchimba mitaro. Kampeni ya chanjo isiyoambatana na tarehe ya bomba iitwe kwa jina lake, kwamba ni ya kuahirisha. Serikali za mitaa zipewe magari madogo ya kunyonya yanayopita uchochoroni, kwa bei ambayo mpangaji anaimudu, kabla ya masika, kwa sababu shimo lisilojaa halitapishwi. Mama lishe asifukuzwe. Apelekewe bomba la jumuiya na ndoo ya klorini, kisha akaguliwe kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Na kuna jambo moja ambalo halihitaji mkopo wala kiwanda. Mamlaka za maji zinayo ratiba ya mgao, mtaa kwa mtaa, na zinajua saa ambazo pampu zilisimama. Idara za afya zinayo orodha ya wagonjwa, mtaa kwa mtaa, na tarehe walizoanza kuharisha. Uvira ilitosha kuziweka rekodi hizo mbili pamoja ili jambo lililofichika kwa miaka lionekane. Kwetu mara nyingi zinakaa majengo mawili ya mji mmoja, na wanaozishika hukutana pale tu kamati ya dharura inapoitwa, watu wakiwa wamekwisha kufa. Ziwekwe kwenye ukurasa mmoja, kila wiki, mwaka mzima, zibandikwe ubao wa ofisi ya mtaa ambapo yule mama wa ndoo tatu anaweza kuzisoma: maji yalitoka saa ngapi wiki hii, wangapi wameharisha. Mkurugenzi wa maji atakapoitwa kueleza wagonjwa wa Jumatano kama anavyoitwa mganga mkuu, hapo nitaamini kwamba chanjo tumeipata kwa wakati.